Mwaka wa Kugusa Sikio

Si kweli, Festo, na kama mara ya kwanza hukunisikia nakwambia tena: hakuna mtoto aliyeharibiwa na Mwalimu Gaudensia. Hakuna. Nilikwambia hivyo pale pale msibani mbele ya wazee, sauti juu, mpaka shemeji wa marehemu akanishika mkono akasema, "Tekla, taratibu basi, maiti iko ndani." Taratibu ya nini? Mwalimu amelala sebuleni kwake, rozari imezungushwa mikononi, na wewe unayeishi Mjimwema siku hizi, uliyekuja na gari la kuazima, umesimama uani unagawa karatasi. Kila aliyepita mikononi mwa Mwalimu aandike jina lake, majina yasomwe makaburini. Wazo zuri, sikatai. Karatasi ikazunguka mpaka kwa Editha. Editha akaitazama, akaigeuza, akampa mwanae wa darasa la tano. "Niandikie mama yako, mimi macho." Macho gani? Asubuhi ile ile nilimwona anachambua maharage ya msiba, kijiwe kidogo kama punje ya ulezi hakimpiti. Ndipo ukacheka ile ya puani, ukamwambia jirani yako, "Unaona? Ndiyo maana chekechea ya Ghalani ilifungwa. Sisi wa Bondeni tulisoma. Hawa walikuwa wanakunywa uji." Hapo nikalipuka. Nilisema mengi, mengine si ya kusemwa mbele ya jeneza. Ila moja lilikwama kooni, na ndilo lenyewe. Editha hajui kuandika jina lake, hilo kweli. Lakini aliyemfikisha hapo si Mwalimu. Ni mimi.

Kijiji chetu kiko njia ya Madaba, na ni kidogo, ukikohoa nyumba ya kwanza unapewa pole nyumba ya mwisho. Pamoja na udogo huo kilikuwa na chekechea mbili, zote za serikali ya kijiji, na watu walizilinganisha kama wanavyolinganisha majogoo. Ya Bondeni ilikuwa na jengo la matofali ya kuchoma na bati jipya linalong'aa mpaka barabarani. Mwalimu wao, Imelda, alikuwa msichana aliyepitia mafunzo, ana viatu vya kisigino, na watoto wake walikaa kwa mistari, mgeni akiingia wanasimama wote, "Gudi moning ticha!" Ya kwetu ilikuwa ndani ya ghala la ushirika. Ushirika wenyewe ulishakufa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wafanyabiashara wanakuja na malori yao wananunua mahindi kando ya barabara, mbolea imepanda, ghala limebaki tupu na harufu yake. Harufu ya mbolea haitoki, nawaambia. Mpaka leo nikiisikia dukani naona watoto. Naona yale matundu ya hewa juu karibu na paa, na mwanga unashuka kwa vipande, na vumbi linacheza ndani yake, na watoto wameketi juu ya magunia yaliyokunjwa, kila mmoja na kopo lake miguuni. Ubao hatukuwa nao. Mwalimu Gaudensia alikuwa anamwaga majivu ya jikoni sakafuni, anachora herufi kubwa kwa kijiti, mtoto anaifuata kwa kidole, anairudia, anairudia, mpaka majivu yanatawanyika na kidole kimekuwa cheupe kama cha mpishi wa maandazi. Darasa la nne la zamani, ndiyo elimu yake yote. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwenye shule yoyote yenye bati: hakuna somo kabla ya uji. "Mtoto mwenye njaa anasikiliza tumbo," alikuwa anasema. "Wewe utaongea na nani?" Kila Jumatatu kila nyumba ilileta kibaba cha unga, kila mtoto kijiti chake cha kuni, na aliyekuja mikono mitupu hakuulizwa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. La saba nilimaliza, sikuchaguliwa, basi nikawa najisomea chochote chenye maandishi. Gazeti lililofungia chumvi, misale ya bibi, maelezo ya mfuko wa dawa ya mahindi, vyote nilivijua kwa moyo. Na nilikuwa mbishi. Siku moja nilimbishia katekista mbele ya kanisa zima kuhusu somo alilokosea kusoma, na watu wakitoka, wengine wananikata jicho, Mwalimu Gaudensia akaniita pembeni. "Huo mdomo wako, mwanangu, tuutafutie kazi kabla haujakutafutia kesi. Kesho njoo Ghalani." Basi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniona nina faida. Kuanzia siku hiyo, aliyemgusa yule mama alinigusa mimi.

Na walimgusa sana. Nenda mashine ya kusaga Jumamosi, utayasikia yote huku unasubiri zamu. "Wa Imelda wanaimba Kizungu, jamani," anasema mmoja, unga mpaka kwenye kope. "Mjukuu wangu juzi kaniambia gudi moning, nikadhani anaumwa." Wanacheka. "Na wa Ghalani wanajua nini?" "Wa Ghalani wanajua kopo la nani ni lipi." Wanacheka zaidi. Mimi nakaa na debe langu kichwani nasema, "Na huo Kizungu wenu, mtoto akisinzia kwa njaa anasinzia kwa Kizungu?" "We Tekla, nani kakuuliza?" "Ninyi mmeniuliza, mnasema mbele yangu." Nikirudi namweleza Mwalimu, yeye anachuja maziwa ya mbuzi, hainui hata kichwa. "Umewajibu?" "Nimewajibu." "Basi sasa nenda kalete kuni, maana majibu hayachemshi maji."

Mwezi wa kumi na moja akaja Bibi Maendeleo wa wilaya, mwanamke mnene mpole, ameshuka kwenye gari la mizigo na kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Mwenyekiti wa kijiji alimkaribisha chakula kwake, na kwa vile mkewe alikuwa kwa wazazi, Mwalimu na mimi tukaitwa kupika. Ugali, kuku, na mboga ya majani ya maboga yenye karanga. Nilinawisha wageni, nikarudi jikoni. Nyumba ile kuta hazifiki juu, ukikaa jikoni unasikia sebuleni kana kwamba umekaa nao mezani. Nikasikia Bibi Maendeleo anasema, huku anatafuna, kwamba wilaya haiwezi tena kusaidia chekechea mbili kijiji kimoja. Unga wa msaada na posho ya mwalimu vitakwenda sehemu moja. Ile nyingine wazazi waibebe wenyewe wakiweza, wasipoweza ife. "Kwa hiyo ni Bondeni," mwenyekiti akasema. "Kule kuna jengo." Bibi Maendeleo akasema, "Jengo halisomi. Mimi nitaangalia kwanza ipi inapeleka watoto wengi darasa la kwanza Januari hii." Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anapangusa sufuria kwa jani, ameinama, na sikuona uso wake, niliona shingo tu, ile mishipa miwili ya nyuma imesimama. Mume wake alikuwa kitandani mwaka wa pili, hawezi kazi. Ile posho ndiyo ilikuwa sabuni yao na dawa zake. Akanipa sahani. "Wapelekee ndizi."

Sasa aliyezaliwa juzi sharti nimweleze. Enzi hizo kuandikishwa darasa la kwanza hukuulizwa cheti cha kuzaliwa, nani alikuwa nacho? Kadi ya ubatizo, kila mama anasema imeliwa na mchwa. Basi mwalimu mkuu alikuwa na kipimo chake: mkono wa kulia unapita juu ya kichwa, katikati, unashuka, vidole vishike sikio la kushoto. Ukishika, mkono umekua, nawe umekua, umetimiza saba, ingia. Usiposhika, rudi kwenu ukale ugali, tuonane mwakani. Ndicho kilikuwa cheti chetu. Na kila mtoto alijijaribu kila siku, anachunga mbuzi mkono uko kichwani, yuko kanisani mkono uko kichwani.

Krismasi ilipokaribia mume wa Mwalimu alizidiwa, naye Mwalimu akaenda kumwuguza hospitali, wiki tatu nzima. Akaniachia Ghalani. "Uji, herufi, nyimbo. Usibuni kitu." Nikabuni. Nilikuwa nimegundua, peke yangu kama nilivyogundua mambo yangu yote, kwamba kile kipimo kinadanganyika. Mtoto akilaza kichwa kidogo upande wa mkono, akapandisha bega, sikio lenyewe linakuja kukutana na vidole. Kidogo tu, isionekane. "Fanyeni kama mnamsikiliza bibi anawaita kule," niliwaambia. "Bibi anaita, sikiliza, shika." Tukaufanya mchezo, kila asubuhi baada ya uji, na aliyeshika anapigiwa makofi. Herufi niliziacha. Majivu yalijaa kwenye debe. Kwa wiki tatu watoto wa Ghalani hawakujifunza kitu kingine chochote ila kulaza shingo.

Mwerevu kuliko wote kwenye mchezo ule alikuwa Editha. Alikuwa analelewa na bibi yake, Bibi Kolumba, nyumba ya pili kutoka kwetu. Umri wake naujua mimi, kwa sababu alizaliwa mwaka niliopata kipaimara: alikuwa na miaka mitano na miezi. Mwili wake mdogo kama kifaranga cha mvua, lakini mikono mirefu, na akili inakwenda mbele yake. Herufi zote za jina lake alishazijua kwenye majivu, isipokuwa ile H, alikuwa anausahau mti wake wa katikati. "Dada Tekla, ngazi yangu imekatika," alikuwa ananiambia. Alipenda Ghalani kuliko kwao. Nikamwendea Bibi Kolumba, nikamwambia siku ya kuandikisha akiulizwa aseme mtoto ana saba. "Saba?" akashangaa. "Huyu? Si juzi tu namwogesha kwenye karai?" Nikamwambia, "Bibi, anajua kuliko wa miaka minane. Unataka akae nyuma kwa ajili ya hesabu?" Akanitazama muda mrefu. "Wewe ndiwe uliyesoma," akasema.

Mwalimu alirudi siku mbili kabla ya kuandikisha, amechoka, kanga imemlegea. Aliingia Ghalani akawakuta watoto wote mkono kichwani, shingo upande. "Hii nini?" Nikasema ni mazoezi ya viungo. Akaenda pale Editha alipoketi, akamshika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, akakinyoosha katikati. Vidole vya Editha vikaliacha sikio, vikabaki hewani. Mwalimu akanitazama. Ningesema siku ile, yote yangeishia pale. Alikuwa ametoka kulala sakafuni hospitali wiki tatu, mumewe anarudishwa kufia nyumbani, na nadhani hakuwa na nguvu ya kuuliza mara ya pili. Akakiachia kichwa cha mtoto, akaenda kukoroga uji.

Siku ya kuandikisha shule ilijaa kama mnada. Mwalimu mkuu ameketi nje na meza, daftari na rula, watoto wanapita mbiombio. Wa Bondeni walisimama wima kama askari, walivyofundishwa, wakapita tisa. Wa kwetu wakaja. Bibi anaita, sikiliza, shika. Mmoja, wawili, watano. Kumi na tisa! Mwalimu mkuu akaniambia, "Mwaka huu Ghalani mna mikono mirefu, Tekla, mnawavuta?" Nikasema, "Ni uji, mwalimu." Watu wakacheka, mama mmoja wa Bondeni akasonya, na mimi nikajisikia nimeushika mji mzima mkononi. Editha alikuwa wa kumi na saba. "Miaka mingapi huyu, bibi?" "Saba, mwalimu." Bibi Kolumba alisema akiangalia miguu yake. Editha mwenyewe alinitafuta kwa macho nimpigie makofi, nikampigia.

Shule iko ng'ambo ya kijito, unapanda mlima, mwendo wa saa nzima kwa mguu wa mtoto, na Januari kwetu ni mvua. Darasa la kwanza walikuwa zaidi ya tisini, wanakaa chini, fimbo ndiyo mwalimu msaidizi. Uji hakuna. Wiki ya pili tu, kama saa nne hivi, nikageuka nikamkuta Editha amesimama mlangoni Ghalani, sketi ya shule inamfika vifundoni, imelowa, kopo lake mkononi. "Nimekuja uji," akasema. Mwalimu alikuwa kwake na mgonjwa, kwa hiyo ilikuwa mimi. Ningempa. Mtoto anataka nini? Uji kikombe kimoja. Lakini Bibi Maendeleo alikuwa anarudi siku yoyote, na mimi kichwani nilikuwa na kitu kimoja: akimkuta wa darasa la kwanza huku, atauliza, na ikigundulika Mwalimu wangu amekwisha. Nikamshika bega nikamgeuza. "Wewe ni wa darasa la kwanza sasa. Huku ni kwa watoto." Akasema, "Mimi ni mtoto." Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu, siyapunguzi: "Ukirudi hapa nitakuchapa mimi kabla ya mwalimu wako." Wenzake ndani wakacheka. Akaondoka na kopo lake. Mvua ilikuwa inaanza. Alikuja tena mara mbili, nikamfukuza mara mbili, ya mwisho kwa kijiti. Hakuwa anaenda shule, wala nyumbani. Alikuwa anakaa porini juu ya kijito peke yake, anaokota masuku, yale matunda ya porini, ya mwisho ya msimu, anarudi jioni na wenzake wakitoka. Mwezi ukapita hivyo. Siku waliyomkamata alichapwa mbele ya mstari, shule nzima inatazama, akajikojolea, na kuanzia hapo jina lake likawa Kidudu, kama wanavyoitwa watoto wa chekechea. Editha hakuvuka tena kile kijito. Bibi yake alijaribu kumbeba mgongoni, mtoto akampiga mateke. Mwishowe Bibi Kolumba akasema kisimani, kila mtu akisikia, "Basi. Kichwa chake hakikuumbiwa shule." Na mimi nilikuwa pale, nachota maji.

Bibi Maendeleo alikuja mwezi wa pili. Alitupongeza. Alisema kumi na tisa ni wengi, hajaona. Halafu akaingia Ghalani kuhesabu waliobaki, maana unga unatolewa kwa waliopo, si kwa walioondoka. Walibaki kumi na mmoja, wadogo wa kubebwa. Bondeni walikuwa arobaini. "Sasa mama," akamwambia Mwalimu, kwa upole kabisa, "mmewapeleka wote. Nawapa nini hawa kumi na mmoja, gunia la nini?" Nilikuwa nimeimaliza Ghalani kwa mikono yangu na makofi yangu. Kabla ya Pasaka mlango ulitiwa kufuli. Kijijini wakasema ni kwa sababu yule mama hana elimu, tulisema siku nyingi. Kwenye mkutano wa kijiji mtu akauliza nani aliwafundisha watoto kulaza shingo, kwa sababu habari ilishavuja, watoto si watu wa siri. Nikasimama. Kweli nilisimama, mdomo wazi. Mwalimu Gaudensia, mjane wa wiki tatu, kitambaa cheusi kichwani, akanivuta sketi kwa nguvu nikakaa, akasimama yeye. "Chekechea ni yangu," akasema. "Lililofanyika humo ni langu." Akaketi.

Tukiwa njiani nililia, nikamwambia nitarudi kwa mwenyekiti niseme. Akasema, "La Ghalani nimelibeba, limekwisha, usilichokoe. Lakini la mtoto si langu. Hilo ni lako. Nenda kwa Kolumba umwambie mtoto hana kichwa kibaya, ulimtoa mapema wewe. Akijua, atamrudisha shule akifikia umri." Nikasema nitakwenda. Nilikwenda mpaka uani, shikamoo bibi, marahaba, tukaongea habari za mahindi, Editha yuko pale anapura maharage, hakuninyanyulia jicho. Nikaaga. Nikasema kesho. Mimi niliyembishia katekista. Mwaka uliofuata Editha alitimiza saba kweli, mwalimu mkuu akapita akiuliza watoto, na Bibi Kolumba akamwambia huyu hapana, huyu alishindwa.

Bibi Kolumba alifariki. Mwalimu naye tumemzika. Kila nilipokwenda kumsalimia, miaka yote, aliniuliza swali moja tu, bila hata kutaja jina: "Umekwenda?" Nami nabadilisha habari. Juzi baada ya mazishi tuliosha vyombo pamoja, mimi na Editha, mikono yetu kwenye beseni moja. Ni mama wa watoto wanne, mcheshi, ananiita dada. Akaniambia mwanae wa mwisho anaogopa kuanza shule. "Nimemwambia usiogope, wewe akili umechukua kwa baba yako. Mimi ndiye sikupewa. Wengine tunazaliwa hivyo, au siyo, dada Tekla?" Akacheka, akanipa sahani nifute. Nikafuta. Aliyebaki anayejua ni mimi peke yangu. Nikimwambia nitampa nini, wakati hauwezi kurudi? Na nisipomwambia, atawaaminisha watoto wake kwamba mama yao alizaliwa mjinga. Wewe ungekuwa Editha, ungetaka kuambiwa?